Chembe Chini ya Ulimi

Siku wodi namba sita ya hospitali kuu ilipofungwa, Daktari Saumu Mbwana alivaa kilemba cha rangi ya dhahabu na viatu vilivyombana vidole, akaenda kushika mkasi. Wodi haikufungwa kwa sababu ya ufa, wala kwa kukosa dawa. Ilifungwa kwa kukosa wagonjwa. Tangu watu wa Tanga walipoanza kukumbuka, ile ndiyo ilikuwa wodi ya kukata miguu ya wenye kisukari. Mtu akipelekwa namba sita, nyumbani kwake walianza kutafuta fundi wa kuvunja ngazi na kuweka mteremko. Sasa vitanda vilikuwa vitupu, magodoro yamekunjwa, na mganga mkuu alikuwa akizungumzia kupageuza mahali pa mazoezi ya kina mama waliotoka kujifungua.

Saumu alikata utepe, makofi yakapigwa. Wapo watu ambao wakisifiwa huinamisha kichwa na kusema kazi hii ni ya wote. Yeye hakuwa mmoja wao. Kazi ilikuwa yake, aliihangaikia kwa miaka, na hakuona sababu ya kusema uongo mbele ya halaiki ile. Alipopewa kipaza sauti alieleza kwamba baba yake, Mzee Mbwana, dereva wa treni, alilala kitanda cha karibu na dirisha, akatoka humo bila mguu wa kulia, akarudi akatoka bila wa kushoto, na aliporudi tena hakutoka. Siku ile binti yake alikula kiapo, na leo kiapo kimetimia. Wauguzi wa zamani walilia. Saumu naye alifuta machozi kwa pembe ya kilemba, bila kuona haya.

Kilichoifunga wodi ni chembe aliyoibuni Saumu, kifaa kidogo kama punje ya ufuta. Ilipandikizwa chini ya ulimi kwa sindano moja, ikapata nguvu zake kutokana na joto la kinywa, haikuhitaji betri wala kuchajiwa. Kazi yake ilikuwa kuonja mate. Ilitambua sukari, ilitambua mafuta na wanga, na kwa jinsi taya lilivyotafuna ilikadiria ukubwa wa tonge. Mtu akifika kiwango alichopangiwa, ilitoa kitone cha dawa kwenye mishipa ya ulimi, na kila chakula kilichoingia kinywani baada ya hapo kiligeuka shubiri. Pilau ikawa shubiri, chapati shubiri, hata papai. Maji matupu yalibaki maji, maana Saumu hakuwa mkatili. Hali hiyo ilidumu mpaka mlo uliofuata, kisha ulimi ukarudi kama ulivyokuwa.

Baraza la Siha la Mwambao lilipoona matokeo ya majaribio, halikutaka kungoja watu wajipeleke wenyewe. Lilipitisha sheria kwamba kila mtu mzima ambaye kiuno chake kimepita kipimo apandikizwe chembe, na kiwango chake kipangwe na Baraza. Wembamba hawakuguswa. Saumu mwenyewe alikuwa mwembamba, amerithi kwa shangazi zake, kwa hiyo kazi ya mikono yake hakuwahi kuionja.

Baada ya hotuba, wageni walikaribishwa kwenye meza ya matango na maji baridi, maana sherehe za Baraza ndivyo zilivyokuwa. Hapo ndipo Mwenyekiti, Bwana Mhina, alipomvuta kando. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, mpole, ambaye hata kwenye kikao alizungumza kama mtu aliyeketi kando ya mgonjwa. Alimkumbusha kwamba wapo watu wasiozuiwa na uchungu, wanaoendelea kula hata baada ya chembe kufanya kazi yake. Kule ofisini waliwaita sugu. Kwa ajili yao kulikuwa na daraja la pili, ambalo Saumu mwenyewe alilibuni akiwa bado kijana mwenye hasira: badala ya kuuchafua ulimi, chembe ingeliamuru tumbo lirudishe kilichomo. Baraza lilikuwa limeamua daraja hilo lianze Ijumaa.

"Mama yako yumo," Mhina alisema. "Shubiri imeshamjaa kinywani, na bado anakula mpaka mwisho. Si mara moja, Daktari. Karibu kila wiki."

Saumu alihisi uso unawaka. Aliuliza nani mwingine anajua.

"Ni mimi na wewe. Ufunguo mkuu uko kwako. Mzime huyo mmoja, na mimi sikuona kitu."

Saumu alirudi kupigwa picha, akatabasamu na mkasi mkononi, lakini furaha ya siku ile ilikuwa imekwisha kuingia doa.

*

Bi Mwanakombo alikuwa mnene, na unene wake hakuwahi kuuombea radhi kwa mtu. Akipita mitaa ya Ngamiani, kanga zake zimepigwa pasi, marashi yake yamemtangulia, watu walimpisha njia na kumwamkia, naye aliitikia kama mwenye mji. Muuguzi mmoja wa Baraza aliwahi kumwambia kwamba mwili ule ni mzigo. Bi Mwanakombo alimjibu kwamba mwili huu hakuuokota, na kwamba umezaa watoto, umezika mume, na mpaka leo haujamdondosha njiani.

Siku ya kupandikizwa chembe alikwenda kwa miguu yake. Waliokuwepo walisimulia kwamba alipofika mbele ya sindano aliuliza kama hii ndiyo ile ya Saumu Mbwana, na alipoambiwa ndiyo, aliigeukia foleni nzima akatangaza kwamba kitu hiki amekitengeneza mwanawe. Kisha akafungua kinywa. Saumu aliposikia habari hiyo alijisikia kuvimba kichwa kwa wiki nzima.

Mchana wa siku ile ya kukata utepe, Saumu alipofika Ngamiani kumhoji mama yake habari za usugu, alikuta nyumba ina wageni. Alikuwa amesahau. Bi Shani wa Pangani, mama wa kijana aliyetaka kumuoa Kibibi, mdogo wake wa mwisho, alikuwa amekuja na dada zake wawili kuitazama nyumba wanayotaka kuoa. Jamvi lilikuwa limetandikwa, udi unafuka pembeni. Saumu alivua viatu, akawaamkia, na mama yake akamtambulisha kabla hajaketi.

"Huyu ndiye mkubwa. Ndiye aliyefunga wodi ya namba sita," Bi Mwanakombo alisema, na alivyolitamka neno hilo ungedhani wodi hiyo ilikuwa jeshi la adui.

Kibibi alipitisha birika na beseni, wakanawa. Sinia ikaletwa katikati, pilau ya mbuzi imefunikwa kwa kawa, na kawa ilipofunuliwa mvuke wa mdalasini ukawapanda usoni. Wakala kama wanavyokula watu wa nyumba zile, kila mtu mbele yake, kwa mkono wa kulia, bila kuchokoa upande wa mwenzake. Nyama ilikuwa katikati. Bi Mwanakombo alikuwa akinyofoa pande nono na kulisukuma upande wa Bi Shani, kisha lingine kwa dada zake, kama mtu asiyejua mkono wake unafanya nini.

Kwenye mkono wa kushoto Saumu alivaa bangili ya kazi, ile iliyompa habari za chembe yoyote iliyokuwa karibu. Wali haujafika nusu, bangili ikatetemeka. Mama yake amefika kiwango. Kila kilichoingia kinywani mwake kuanzia hapo kilikuwa shubiri tupu.

Saumu alimtazama. Bi Mwanakombo hakuacha. Alifinyanga tonge, dogo kuliko matonge ya mwanzo, akalitia mdomoni, akatafuna, akameza, kisha akaendelea na kisa cha jirani yake aliyemfukuza fundi umeme kwa mwiko. Wageni walicheka. Alifinyanga lingine. Saumu alianza kupandwa na hasira, ya mtu anayeona kazi yake inadharauliwa na mtu wa damu yake. Akasema moyoni kwamba Mhina hakumsingizia, mama yake ni sugu kweli.

Bi Shani alikuwa mlaji wa taratibu. Alikula kidogo, akazungumza sana, akala tena. Bi Mwanakombo alimfuata hatua kwa hatua, tonge kwa tonge. Macho yalianza kumlengalenga, akailaumu pilipili ya Kibibi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Hata hivyo tabasamu halikumtoka, na nyama iliendelea kusafiri kutoka mbele yake kwenda mbele ya wengine. Hatimaye Bi Shani alivuta pumzi, akalamba vidole, akasema alhamdulillahi, na dada zake wakainua mikono. Hapo tu, baada ya wa mwisho wao, Bi Mwanakombo naye aliinua wake.

Wageni walipoondoka, wameridhika na nyumba na binti, Saumu alimfuata mama yake uani. Alimkuta anasukutua kinywa kwa maji, anatema kando ya karo, anasukutua tena. Alisukutua kwa muda mrefu.

"Ulijua kinywa kimeshageuka, ukaendelea," Saumu alisema.

"Nilijua."

"Kwa nini, Mama?"

Bi Mwanakombo alijifuta mdomo kwa kanga. "Bi Shani ametoka Pangani tangu asubuhi. Ameketi kwenye jamvi langu, anakula wali wangu, amekuja kumtaka mwanangu. Mimi mwenye nyumba nikiinua mkono, yeye atafanya nini?"

Saumu alijua. Hakuna aliyelelewa nyumba ile asiyejua. Mwenye nyumba akiinua mkono, mgeni naye huinua, hata kama ana njaa ya kuona giza, maana anayebaki peke yake kwenye sinia ya watu ni mlafi asiye na malezi. Ndiyo maana mwenyeji hubaki mpaka mgeni amalize, akijichezesha na punje za wali ikibidi. Saumu alikuwa amelijua hilo kabla ya kujua kusoma. Alipokuwa akiijaribu chembe, aliwapa watu sahani zao, kila mtu na yake, kwenye vyumba vyeupe vyenye kamera, na wazo la sinia halikumpitia kichwani hata mara moja. Aibu ilimshika, akajaribu kuifukuza.

"Ungemwambia tu kwamba una chembe."

"Nimwambie mkwe kwamba nimekatazwa kula nyumbani kwangu?"

"Uchungu wenyewe ukoje? Unavumilika?"

Mama yake alimtazama kwa mshangao. "Kwani wewe hujauonja?"

Saumu alitikisa kichwa, na Bi Mwanakombo, ambaye angeweza kumsimanga mpaka jioni, hakumsimanga. Alivuta kigoda akaketi. Kisha akamwambia mwanawe asije akadhani kwamba yeye hula kwa ajili ya adabu tu. Chakula alikipenda. Alipenda wali wa nazi, alipenda mafuta ya mbuzi yakigandamana ukingoni mwa sinia, aliupenda hata huu mwili ambao Baraza limeupima kwa utepe.

"Hata ningekuwa mlafi, Saumu, ningekuwa mlafi kwa kinywa changu. Siyo cha Mhina."

"Baba naye alisema hivyohivyo," Saumu alisema. "Daktari alimkataza halua, akacheka, akala. Kinywa kilikuwa chake, sawa. Na vidonda aliviosha nani? Beseni nililibeba mimi, Mama. Nilikuwa msichana wa shule, na harufu ile ninayo mpaka leo. Uhuru ulikuwa wake, mimi nikabeba beseni."

Kuku alipita kati yao, akaokota wali ulioanguka. Bi Mwanakombo alikunja pindo la kanga, akalikunjua.

"Beseni ulilibeba, ni kweli," alisema. "Nilimkasirikia mwaka mzima. Hata kaburini nilikwenda nimekasirika. Lakini sikuwahi kutamani nimfunge mdomo."

Saumu akamweleza habari za Ijumaa, na daraja la pili, na jinsi tumbo litakavyorudisha kila kitu palepale, mbele ya mgeni yeyote. Akamweleza na maneno ya Mhina. Kidole chake kimoja kingetosha. Angeizima chembe ya mama yake sasa hivi, hapa uani, na mambo yakaisha.

"Na Tunu?" mama yake aliuliza.

Bi Tunu alikuwa jirani wa ukuta wa pili, mwenye chembe kama yeye, asiye na mtoto kwenye Baraza lolote. Siku hizi, Bi Mwanakombo alisema, Tunu haaliki mtu wala haendi alikoalikwa. Anakula amefunga mlango. Mtaa mzima umeanza kuwa hivyo, watu wanaogopa kukaribishana, na yeye mwenyewe angeshaacha kama asingekuwa na kichwa kigumu.

"Sikukuzaa nije nikuombe ruhusa ya kula wali," alisema, bila ukali. "Ukinizima peke yangu, nitaonekana mtu wa kupewa ruhusa kwa siri na mwanawe. Sitaki. Ijumaa ikifika, nitatapika kichwa kiko juu."

Saumu alimjua mama yake. Alijua kwamba angefanya hivyohivyo.

*

Maabara ilikuwa tupu alipojipandikiza chembe mwenyewe, mbele ya kioo. Sindano iliuma kuliko alivyokuwa akiwaambia watu. Aliipangia kiwango kilekile cha mama yake, kisha akaagiza wali na maharage kutoka kantini, akala. Wa mwanzo ulikuwa mtamu. Ghafla, katikati ya tonge, kinywa kikageuka.

Alikuwa ameuandika uchungu ule kwa namba na michoro, ameutetea mbele ya maprofesa, amepata hata tuzo kwa ajili yake, ipo ukutani. Hakujua kwamba unapanda puani. Hakujua kwamba unashika kwenye fizi, na kwamba mwili wote unajikunja kuukimbia kama mkono unavyokimbia moto. Alitema tonge kwenye kitambaa, akakaa chini sakafuni. Alifikiria mama yake akisimulia kisa cha fundi umeme. Alilia kwa aibu, na katikati ya aibu akakuta kitu kingine, fahari kubwa ya kuzaliwa na mwanamke yule.

Kikao cha Baraza kilikuwa siku moja kabla ya Ijumaa. Saumu aliomba neno. Alisema chembe ni kazi yake na haitupi. Imeokoa watu na itaokoa wengine. Anachotaka ni kwamba aliye nayo kinywani awe na uwezo wa kuizima na kuiwasha mwenyewe, kwa simu yake, na kiwango akipange yeye na daktari wake. Daraja la pili lifutwe. Alieleza habari za sinia, na wajumbe kadhaa walitazama meza, maana nao walikuwa na mama zao.

Wapo waliokasirika. Mjumbe mmoja alisema watu wakiachiwa watakula mpaka wafe, kisha mji mzima utabeba gharama. Lakini aliyemgusa Saumu alikuwa Mhina, ambaye alizungumza kwa sauti ileile ndogo.

"Mke wangu yu hai kwa sababu ya chembe yako. Ukimpa uwezo wa kuizima, ataizima kesho."

"Umemuuliza?"

"Sitaki kumuuliza, Daktari. Namtaka hai."

Maneno yale angeyasema Saumu mwenyewe, akiwa na beseni lile mkononi. Alimwambia Mhina kwamba anamwelewa kuliko mtu yeyote chumbani, na kwamba ndiyo, wapo watakaozima na watakufa, na yeye hatajificha siku hiyo. Kisha wakapiga kura, na hoja yake ikashindwa. Daraja la pili likabaki kuanza kesho yake.

Sheria ilisema chembe ziendeshwe na Baraza. Aliyeiandika hakufikiria kuuliza ufunguo mkuu uko wapi. Ulikuwa kwenye kidole gumba cha Saumu Mbwana, kama ulivyokuwa tangu chembe ya kwanza kabisa. Angeweza kutoka nje akafanya alilotaka kufanya gizani, kama mwizi wa kuku. Hakutoka. Aliweka bangili juu ya meza ili wote waione, akawaambia wajumbe anachokwenda kufanya, akaibonyeza kwa kidole gumba. Simu zikaanza kulia mfukoni mwa mjumbe mmoja, kisha mwingine, kisha nje barabarani, mji mzima. Kila mwenye chembe alikuwa amepata ufunguo wake, na daraja la pili lilikuwa limefutika.

Walimfukuza kazi papo hapo. Mjumbe yule mwenye hasira alimwambia kwamba amejifanya sultani peke yake, amewaamulia watu wote bila kuwauliza, na ati hilo ndilo analolikataa kwa wengine. Saumu alifikiri kwamba huenda ni kweli. Alikubali kubeba lawama hiyo, akachukua kilemba chake, akatoka na viatu mkononi maana vilikuwa vilevile vya siku ya utepe. Mlinzi wa getini, mtu wa kiuno kipana, alisimama wima akampigia saluti.

Mambo hayakwenda sawasawa kama alivyotarajia, wala kama Baraza lilivyoogopa. Wengi waliiacha chembe ikiwaka, na walipoulizwa walisema wameizoea na inawafaa. Wengi waliizima. Mke wa Mhina aliizima siku ileile, akaiwasha baada ya ugomvi, akaizima tena, na Mhina alianza kutembea naye jioni ufukweni, jambo ambalo watu hawakuwahi kuliona. Bi Tunu alifungua mlango akaalika nusu ya mtaa. Na kabla mvua za masika hazijaanza, wodi namba sita ilirudishiwa kitanda kimoja. Saumu alikwenda kumtazama mgonjwa, mwalimu mstaafu aliyekatwa mguu. Alijitambulisha, akangoja kutukanwa. Mwalimu alimkaribisha kwenye kiti na kumuuliza habari za nyumbani, na Saumu alitamani angetukanwa.

*

Harusi ya Kibibi ilifika nyumba ikiwa imejaa mpaka barazani. Bi Shani alikuja na ukoo mzima wa Pangani, na mchana, kabla bibi harusi hajatolewa, watu wa heshima wa pande mbili waliwekewa sinia moja kwenye chumba cha ndani. Bi Mwanakombo alikaa mahali pake. Chembe yake aliizima tangu siku ya kwanza, na aliwaambia waliotaka kujua na wasiotaka. Saumu, ambaye sasa hakuwa na cheo wala bangili, aliketi mkabala naye upande wa wenyeji.

Chembe ya Saumu ilikuwa bado inawaka. Hakumwambia mtu. Alikuwa amejiahidi kwamba kabla ya kuitoa atakula sinia moja mpaka mwisho kama mama yake alivyokula. Lile tonge la maabara alilitema, na hilo lilikuwa bado linamkera.

Kawa ilifunuliwa. Bi Shani aliuliza, kwa upole wa mtu anayetaka kujua asionekane anauliza, kama ni kweli mkubwa huyu ameachishwa kazi.

"Ameachishwa," Bi Mwanakombo alisema. "Alifunga wodi, wakampigia makofi. Alifungua vinywa, wakamfukuza. Mimi nimempigia makofi mara zote mbili."

Wakaanza kula. Pilau ilikuwa nzuri kuliko ya siku ya posa, na Saumu aliifurahia mpaka pale kinywa kilipogeuka. Alikuwa ameungojea uchungu, lakini ulimpiga kana kwamba hakuungojea. Alimeza. Mbele yake Bi Shani ndiyo kwanza anafinyanga tonge la tatu na kusimulia habari za jamaa yao wa Muheza. Saumu alicheka panapostahili. Alifinyanga tonge dogo, akalitia mdomoni. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Simu ilikuwa mfukoni, na kwa mguso mmoja wa mkono wa kushoto angekuwa amejiokoa. Aliuacha mkono wa kushoto ulale mapajani.

Bi Mwanakombo alikuwa amenyofoa pande la nyama, lile la mafuta ukingoni alilolipenda kuliko yote, akalisukuma mpaka mbele ya mwanawe. Kisha akamtazama usoni. Alikiona kijasho kile, na macho yale yaliyolengalenga, na tabasamu lililoshikiliwa kwa nguvu. Hakuna mtu pale ambaye angeujua uso ule kuliko yeye, maana alikuwa ameuvaa mwenyewe muda mrefu.

Wali ulikuwa bado nusu sinia. Bi Shani alikuwa na tonge mkononi. Wageni wote wa Pangani walikuwa wanakula, na Bi Mwanakombo, ambaye tangu aolewe nyumba ile hakuwahi kuinua mkono kabla ya mgeni, aliinua mkono wake kutoka kwenye sinia, akaukung'uta punje za wali, akauweka juu ya goti.

Bi Shani alibaki na tonge hewani, hajui alile au alirudishe.

"Kuleni, wakwe zangu, msinitazame mimi," Bi Mwanakombo alisema, kifua mbele, kwa sauti iliyofika barazani. "Mimi na mwanangu tumeshiba."

Akachukua birika kwa mkono wake mwenyewe, akamimina maji kwenye gilasi, akampa Saumu.